Betri ya Nasreen

Kisa changu tulikiachia pale Jamaludin aliposhuka boti ya kutoka Mtangawanda kichwa wazi. Alikuwa amempeleka mamake, Bi Mwanamkisi, Siyu kwenye hitima ya shangazi yao. Akaniapia kwamba njiani upepo ulimnyakua kofia ikaenda na maji.

Kofia yenyewe ni ile ya vito, vile vitobo vidogo vidogo, niliyomshonea kwa mkono wangu, kitobo kwa kitobo, mpaka uzi mweupe ukaniishia. Kitobo cha mwisho, cha kisogoni, nikakimalizia kwa uzi wa rangi ya zafarani. Jamaludin alicheka, akasema ataivaa hivyo hivyo, watu wajue mkewe ana papara.

Basi niliililia ile kofia, na yeye akanibembeleza. Leo nikikumbuka nilivyobembelezwa natamani kujizaba kofi.

Kwa anayetukuta njiani: mimi ni Mardhiya wa mtaa wa Mkomani, hapa Amu, na Jamaludin ni mume wangu, fundi wa kompyuta. Nyumba ni yangu. Marehemu baba alinipa siku ya harusi kama ilivyo ada ya Amu, na mume ndiye aliyehamia na sanduku lake la nguo. Meza yake ya ufundi iko kwenye daka langu, pale mlangoni penye mabaraza mawili. Na siku ya posa alimwahidi baba mbele ya watu kwamba maadamu analala chini ya dari hii, hataoa mke wa pili. Akioa, atoke na bisibisi zake.

Ahadi hiyo ndiyo niliyokuwa nikiilinda, mchana na usiku, kama mtu anayelinda chungu jikoni kisifurike. Na hapo ndipo alipoingia Nasreen.

Nasreen ni binti wa Siyu, mpiga video za harusi. Si video za wanaume wamekaa na kanzu zao wakinywa kahawa. Yeye hupiga ndani, kwa wanawake, wakati mabuibui yametundikwa, nywele ziko wazi na kila mtu anacheza atakavyo. Video hizo mwanamume hazioni, awe baba, awe ndugu. Kwa hivyo Nasreen akiharibikiwa na laptopu hawezi kumwachia fundi akaenda zake. Lazima akae hapo hapo, macho kwenye mashine.

Mwakiona kisa changu? Fundi ni mume wangu, na hapo hapo ni kwangu.

Mara ya kwanza alilalamika kwamba laptopu ni nzito, video moja humlaza macho. Jamaludin akaifungua, akang'oa diski ya zamani, akapachika mpya ya kasi, akaongeza na memori. Mashine ikawa inaruka. Nasreen akashukuru, akaitia mkobani, akaondoka. Na Jamaludin hakumlipisha.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Ni mtu wa Siyu, Mardhiya. Ni watu wa mama."

"Siyu nzima utaitengenezea bure?"

Akajifanya anatafuta skrubu.

Haikupita juma, Nasreen huyo mlangoni.

"Kaka Jamaludin, mashine yaenda mbio, lakini betri imekuwa balaa. Zamani nilikuwa nahariri tangu alasiri mpaka magharibi bila chaji. Sasa hata ngoma moya haiishi, imezima."

Mimi nilikuwa juu ya ngazi, nikichagua mchele uliokwisha kuchaguliwa.

Kaka! Nawajua mimi hawa wanaoanza na kaka.

Jamaludin akashika bisibisi. Nasreen akamzuia. "Diski itoe kwanza. Nitampa Bi Mardhiya aniwekee."

"Haina haja. Iache hapa mezani, mimi siifungui."

"Ni amana za watu, kaka."

"Nimesema siifungui!"

Sauti ilikuwa kali kuliko jambo lenyewe. Nikaona nimemnasa. Mwanamume mzima anang'ang'ania kubaki na video za wanawake! Nikashuka ngazi mchele ukimwagika, nikanyoosha mkono.

"Leta."

Kilikuwa kijibao chembamba kisichozidi kidole. Nikakipandisha chumbani, nikakitia katika sanduku langu la dhahabu, kati ya bangili za marehemu mama, nikafunga, ufunguo nikaufundika kwenye pindo la leso. Jamaludin alinifuata kwa macho mpaka nikapotea. Nikasema moyoni, tazama, bwana, tazama, leo huli.

Alipachika diski yake ya majaribio, akaiwasha bila chaji. Alasiri ikapita, ikakaribia magharibi, betri bado inacheka.

"Haina neno," akasema. "Labda ni mwangaza wa skrini. Upunguze."

Nikamrudishia Nasreen amana yake, ikapachikwa, akaenda na boti. Baada ya siku mbili tatu amerudi. Imekufa.

Akambadilishia betri. Diski kwenye sanduku langu, mashine mezani, inadumu vizuri. Nasreen akarudi kwao, imekufa.

Akatoa memori mpya, akajaribu moja moja. Akasafisha meno ya betri kwa brashi. Akampa chaja nyingine. Kila mara hapa kwetu mashine nzima kabisa, ikifika Siyu maiti.

Sasa mniambie nyinyi, mngefikiri nini? Mimi nilifikiri mawili. Ama Nasreen anasema uongo apate kurudi, ama Jamaludin anaacha kasoro makusudi ili arudi. Siku nyingine nilifikiri yote mawili kwa pamoja, na hiyo ndiyo siku niliyounguza wali.

Wivu ulinifanya nisijitambue. Nasreen alikuwa akinukia manukato ya halud. Nikachoma udi ndani mpaka Jamaludin akakohoa. Nasreen alikuwa na kicheko cha chinichini. Nikashuka kumwuliza kinachochekesha kwenye betri ni nini. Nikavaa dera jipya kwa ajili ya kupeleka chai barazani. Nikakaa katikati yao, mimi na sinia la mahamri, nikiuliza maswali ya kijinga.

"Na huu waya mwekundu ni wa nini?"

"Wa umeme," Jamaludin akajibu.

"Na huu mweusi?"

"Wa umeme pia."

"Kumbe. Na wewe Nasreen, wachumba hawaji kwenu?"

Nasreen akainamisha uso. Aliponitazama tena hakunitazama kwa ubaya. Alinitazama kama mtu aliyebeba salamu, asiyejua aanzie wapi kuzitoa. Nikamkata jicho, nikaondoka na mahamri yangu.

Siku ile ile, mgeni alipotoka, nikamvaa mume wangu.

"Huitengenezi makusudi."

"Wallahi, Mardhiya, natengeneza."

"Wewe uliyefufua kompyuta iliyoanguka majini, leo betri mpya ikushinde?"

"Imenishinda."

"Au mwenye betri ndiye aliyekushinda?"

Akatupa bisibisi mezani. "Mimi ndiye nisiyetaka arudi hapa! Umenisikia? Mimi!"

Hapo ningesita. Mume aliyezama kwa mtu hasemi hivyo kwa uchungu ule. Lakini nilikuwa nimeshapandwa na hasira, na nililala nimemgeuzia mgongo nikijiona mshindi.

Basi juzi Nasreen akaja tena, jasho likimtoka. Alisema ameitumia laptopu botini njia nzima, na imezima wakikaribia gati. Jamaludin akafungua mfuniko wa chini, akatoa kile kijibao, akanipa bila kunitazama. Nikaanza kupanda ngazi.

Nikasimama katikati.

Kilikuwa na moto. Si moto wa jua la botini, moto wa kitu kilichokuwa kazini. Nikakihamisha mkono huu, nikakihamisha mkono huu, nikageuka.

"Jamaludin, hiki mbona cha moto?"

"Ndivyo zilivyo."

"Na ile yako ya majaribio, nayo huwa ya moto?"

Akainamia mashine.

"Nakuuliza kwa sababu kila siku mwapima mashine hiki kikiwa kwa bangili zangu. Mgonjwa mmemfungia sandukuni, mwampima nduguye. Kama kasoro i ndani ya hiki?"

Jamaludin akaweka bisibisi chini. Nasreen akasimama kabisa.

"Yawezekana," mume wangu akasema polepole. "Ziko diski mpya za kasi zinazokula umeme. Hazilali hata ukifunga mfuniko. Mashine iko mkobani, wadhani imezimwa, nayo yafanya kazi."

Nilimwona anaumia kama fundi. Zile safari zote, ile betri mpya, kile kikohozi cha udi, na sote watatu tulikuwa tunaitoa kasoro kwa heshima, tunaifungia, kisha tunaitafuta.

"Basi ipime nayo ndani," nikasema.

"Siwezi. Lazima niipe kazi nzito, na kazi nzito iliyomo ni video. Ni mambo ya wanawake."

"Mimi ni nani? Nitaipima mimi."

Rangi ikamtoka. Nyie, ikamtoka kweli, akawa kama mtu aliyeshuka chomboni na homa.

"Haina haja," akasema haraka. "Nitamnunulia diski nyingine. Yaishe."

"Utamnunulia!" nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia dirishani. "Ufundi bure, betri bure, sasa na diski! Utamvisha na pete lini?"

"Bi Mardhiya ana haki," Nasreen akasema kwa sauti ndogo. "Aipime yeye. Mimi nitakaa naye juu, kaka atuelekeze."

Jamaludin alimtazama Nasreen. Mtazamo ule nikautafsiri nilivyotaka mimi. Nikajua, hapa pana siri ya watu wawili, na leo naitoboa.

Akapachika diski. Skrubu moja ilimwanguka mara mbili. Akaichaji kidogo ipate kuwaka, akanipa masharti: nisitie chaji tena, nifungue video moja niiache iende, niangalie betri inavyoshuka, na niguse chini ya mashine nione moto unaanzia upande gani.

"Fungua ile ya harusi ya Faza," akaongeza. "Hiyo yatosha. Nyingine usiguse."

"Kumbe wajua na majina ya zilizomo?"

Akanisukumia mashine.

Tukapanda, mimi na Nasreen. Nikafunga mlango wa chumba, yeye akavua nikabu, na kwa mara ya kwanza nikamwona uso. Mzuri, sitasema uongo, na moyo ukanichoma. Lakini ulikuwa uso wa mtu asiyelala.

Sikuzunguka. "Wamtaka mume wangu?"

"Allah aniepushe!"

"Kwa nini, ana kasoro gani?"

Akataka kucheka, kikamshinda kicheko, akalia. Nikachanganyikiwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, si kwa machozi.

"Betri kweli yafa, Bi Mardhiya. Hilo sikulizua. Lakini mafundi wako Faza, wako hata Mtangawanda. Nimekuya hapa kila mara kwa sababu yako."

"Yangu mimi?"

Akaivuta laptopu, akapita harusi ya Faza bila kuigusa, akashuka mpaka chini kabisa. "Fungua hini ya mwisho. Ni ya Siyu. Ndiyo nzito."

"Ya nani?"

"Nimeapishwa kwa Msahafu nisiseme." Akajifuta machozi kwa ncha ya buibui. "Nisionyeshe, hilo sikuapishwa."

Nikabonyeza.

Chumba kimejaa wanawake, vigelegele, sinia za asumini. Bibi harusi amekaa juu ya kitanda, hina mpaka viwikoni, binti mdogo mdogo. Wakamwimbia kwa jina, Thuwaiba. Simjui. Nikashusha pumzi.

"Betri yasemaje?" Jamaludin akaita kutoka chini.

"Yashuka!" nikajibu. Na kweli ilikuwa ikishuka huku naiona. Feni ikavuma. Nikatia mkono chini ya mashine, upande wa kushoto, pale ilipo diski, nikauondoa upesi. "Na moto uko kushoto!"

"Basi nimejua! Ni hiyo diski! Izime, Mardhiya, yatosha!"

Nilikuwa karibu kuizima, nawaambia kweli. Kazi ilikuwa imekwisha, kasoro imejulikana.

Ndipo kamera ikageuka ukutani, kwenye viti vya upande wa bwana harusi. Katika kiti cha katikati, dhahabu shingoni, uso umepakwa poda, anapepewa kama malkia, amekaa Bi Mwanamkisi. Mama mkwe wangu, aliyekwenda hitimani.

Nikaipeleka karibu na macho. Ni yeye. Ana ile leso niliyompa mimi Idi.

"Labda alisimamia mpwa wake," nikamwambia Nasreen. "Ana wapwa tele Siyu."

Nasreen hakubandua macho kwenye skrini.

"Wapo wapwa wake, si wapo?"

"Tazama, Bi Mardhiya."

Kelele ya mlangoni kwenye video. "Anaingia! Anaingia!" Wanawake wakarukia mabuibui, wakajitupia vichwani. Kamera ikasukumwa pembeni. Bwana harusi akapita mbele yake, kanzu nyeupe, mgongo kwetu, kuelekea kitandani kwa bibi harusi. Kisogo kikajaa skrini.

Kofia ya vito.

Na pale chini, karibu na ukosi, kitobo kimoja cha rangi ya zafarani.

Sikupiga kelele. Nilibaki na vidole tu, na vidole vilikuwa vikikumbuka ile sindano. Kofia iliyokwenda na maji, mbona kavu? Nikasema, labda aliiokota mtu. Labda ameazimwa mtu. Kanzu zote ni nyeupe, migongo ya wanaume ni mamoja, na mimi mke mwenye wivu nisiyeaminika hata na nafsi yangu. Geuka, nikamwambia yule mtu. Geuka nikuone.

Akaweka mkono juu ya kichwa cha bibi harusi, akasoma dua, kama wasomavyo wote. Akamaliza. Akaanza kugeuka kuelekea kamera.

Skrini ikazima.

Ikazima kabisa, nikaona uso wangu mwenyewe kwenye kioo cheusi, na nyuma yangu Nasreen amefumba macho.

Kofia niliiona. Uso sikuuona.

"Mardhiya?" sauti ya Jamaludin chini. "Imezima?"

"Imezima."

"Usiitie chaji!"

Nikautazama waya wa chaji ndani ya mkoba wa Nasreen.

"Umenisikia? Usiitie chaji! Nakuya mwenyewe!"

Tangu nimeolewa, Jamaludin hajawahi kupanda ngazi ile bila hodi nikiwa na mgeni mwanamke. Ni adabu aliyolelewa nayo na huyo huyo mamake. Leo nilisikia ndara zake zikipiga ngazi mbili mbili, na hodi hakupiga. Nasreen akaishika nikabu kwa mikono miwili, akaivaa kinyume.

Nikainuka, nikatia komeo mlangoni. Kisha nikarudi kwenye laptopu, nikachomeka chaji.